Sura Itatoka Wapi? Ushauri kwa Anayebuni Kinyago kwa Mkono

Vifaa vipo, gundi ipo, muda umepatikana, lakini sura haiji. Hilo ndilo lalamiko ambalo mafundi wa sanaa za mikono na walimu wa maigizo hulisikia kila mara, hata likiletwa kwa maneno tofauti. Mwalimu wa shule ya msingi ana igizo la sungura na fisi mwishoni mwa muhula. Kijana wa kikundi cha ngoma anataka kinyago kisichofanana na vile vinavyopangwa mbele ya maduka ya watalii. Mzazi amemwahidi mwanawe kinyago cha sherehe, na sasa ameketi mbele ya boksi tupu, mkasi mkononi.

Wengi wao wamekwishatazama picha nyingi za vinyago kwenye simu, na kila picha imewaongezea mkanganyiko. Si ajabu. Kinyago kilichokamilika ni jibu la haja ya mtu mwingine. Picha yake haisemi kilivaliwa vipi, watazamaji walikaa umbali gani, wala kwa nini mdomo uliachwa wazi namna ile. Anayetaka sura mpya ajiulize mambo matatu kabla ya kutazama picha yoyote: kinyago hiki ni nani, kitafanya nini kikivaliwa, na nyenzo zilizopo zinafaa kuwa nini.

## Anza na mtu, usianze na pua

Wanaoanza huchora macho, kisha pua, kisha mdomo, wakitumaini kwamba tabia itajitokeza yenyewe. Ifanywe kinyume. Andika kwanza sentensi moja inayosema huyu ni nani na anataka nini. "Mzee" haitoshi. "Mzee mchoyo anayenusa pilau ya jirani lakini hataki kualikwa, asije naye akadaiwa mwaliko" inatosha, na sentensi hiyo tayari imeanza kuchonga: pua ndefu iliyoinuka, macho yanayotazama pembeni, midomo iliyobanwa.

Chukua fisi wa hadithi. Shule nyingi humpa meno makali na ulimi mwekundu, akaishia kufanana na mbwa. Aliyemtazama vizuri fisi madoa anajua kwamba masikio yake ni ya mviringo, shingo yake ni nene na mabega yako juu kuliko kiuno. Fisi miraba naye ana masikio yaliyochongoka. Hao tayari ni fisi wawili tofauti. Ukiongeza tabia, kwamba huyu wa igizo ni mlafi aliyezoea kudanganywa na sungura lakini bado anamwamini, meno si ya lazima tena. Taya zito lililolegea na macho yenye matumaini yatasema mengi zaidi, na watoto watamcheka na kumhurumia kwa pamoja.

Maswali haya yajibiwe kwa maandishi, si kichwani:

- Anataka nini kuliko kitu kingine chochote?
- Anaficha nini?
- Umri wake unaonekana wapi: kwenye kope, mashavu au kidevu?
- Akiingia, watazamaji wacheke, waogope au wanyamaze?
- Ni sehemu gani moja ya uso ambayo ikikuzwa, atatambulika kwa mbali?

Swali la mwisho ndilo linalorukwa zaidi, na ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Ngaady a Mwash, kinyago cha kike cha Wakuba wa Kasai nchini Kongo, kina rangi, kauri, shanga na safu za pembetatu, lakini kinachobaki akilini mwa mtazamaji ni mistari inayoshuka kutoka machoni kupita mashavuni, ambayo hufasiriwa kuwa machozi. Mapambo mengine yote yanaiachia nafasi mistari hiyo. Mbunifu akishindwa kutaja sehemu moja inayotawala, bado hana kinyago. Ana orodha ya mapambo.

## Kinyago hubuniwa kwa ajili ya mwili

Hapa ndipo penye hazina ya mawazo, na ndipo wengi wasipopatazama kabisa. Kinyago kinachotundikwa ukutani kinaweza kuwa chochote. Kinachovaliwa kina mtu ndani yake: anapumua, anatoka jasho, anageuka, anaruka. Kila sharti la mwili huo ni mlango wa wazo.

Wamakonde wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, ambao wengi wao walivuka mto Ruvuma na kuhamia Tanzania, wana kinyago kiitwacho lipiko, wingi wake mapiko. Hakifuniki uso tu, hufunika kichwa kizima. Kwa sababu hiyo mchongaji hatumii mpingo, ambao ni mzito mno, bali mti mwepesi anaoweza kuuchimba ndani hadi ubaki ukuta mwembamba. Mara nyingi mchezaji huona kupitia mdomo wa kinyago. Fikiria maana ya jambo hilo kwa mbunifu: macho yakishaondolewa kazi ya kuona, fundi yuko huru kuyafumba, kuyafinya au kuyaelekeza anakotaka. Kwenye mashavu na paji, nta ya nyuki hubandikwa kuonyesha chanjo, na nywele halisi za binadamu hutiwa kichwani. Na wachongaji hao hawakujifunga kwenye sura za mababu peke yake. Walichonga pia maafisa wa kikoloni, wageni na askari, yaani watu waliowaona kwa macho yao wenyewe.

Japani, waigizaji wa tamthilia za No huvaa kinyago cha mti kilicho kidogo kuliko uso wa mtu mzima. Uso uliochongwa hauna hasira wala furaha iliyo wazi, na kutulia huko ni kwa makusudi. Mwigizaji akiinua kichwa kidogo, mwanga huupiga uso nao huonekana kuchangamka. Akiinamisha, kivuli cha paji hushuka na huzuni ikaingia. Kwa igizo ambalo mhusika mmoja hucheka na kulia, funzo ni moja kwa moja: paji litokeze, mashavu yapande na kushuka, mdomo ubaki katikati. Anayechora tabasamu kubwa la rangi amemfungia mhusika wake hisia moja hadi pazia lishuke.

Mwaka 1997, Julie Taymor alipoupeleka mchezo wa The Lion King kwenye jukwaa la Broadway, New York, yeye na Michael Curry waliweka vinyago vya simba juu ya vichwa vya waigizaji, nyuso zao zikabaki wazi. Mtazamaji akamwona mnyama na mtu kwa wakati mmoja. Hilo halihitaji fedha za Broadway. Mtoto anayeogopa kufunikwa uso, au mwimbaji anayehitaji pumzi, anaweza kuvaa fisi wake juu ya paji la uso kwa ukanda wa kadibodi.

Kuna hata vinyago ambavyo si lazima vivaliwe usoni. Miongoni mwa Walega wa mashariki mwa Kongo, vinyago vidogo vya chama cha Bwami, vyenye uso ulioingia ndani na ndevu za nyuzi, viliweza kushikwa mkononi, kufungwa mwilini au kutundikwa kwenye ua.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora, amua:

1. Kinyago kitakaa wapi: usoni, juu ya kichwa, kwenye fimbo, au mkononi?
2. Mvaaji ataona kupitia wapi? Si lazima iwe machoni.
3. Atasema au ataimba? Kama ndiyo, nusu ya juu ya uso inatosha. Mdomo wake mwenyewe ufanye kazi.
4. Mtazamaji wa mwisho amekaa hatua ngapi kutoka jukwaani?
5. Kutakuwa na jua la uwanjani, taa za ukumbini, au moto wa usiku?
6. Kitavaliwa kwa muda gani bila kuvuliwa?

Majibu sita hayo hupunguza chaguo kutoka elfu hadi tatu au nne, na katika hizo tatu au nne ndimo sura hupatikana.

## Nyenzo zina sura zake

Romuald Hazoumè, msanii wa Porto-Novo nchini Benin, alianza kutengeneza vinyago vya madumu ya plastiki miaka ya 1980, madumu ya aina ile ile inayotumika kusafirisha petroli ya magendo kutoka Nigeria. Mshikio umekuwa pua, mdomo wa dumu umekuwa mdomo wa mtu. Hakuongeza mengi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuona uso uliokwishakuwapo.

Nairobi, Cyrus Kabiru naye amejulikana kwa miwani mikubwa ya sanaa iliyoundwa kwa waya, vyuma na mabaki ya vitu vilivyotupwa. Karibu kila moja ni kinyago cha nusu uso. Alipokuwa mtoto alitamani miwani, baba yake akamwambia ajitengenezee. Na Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari. Rangi zile kali zisizochanganyika kirahisi ndizo zilizoupa mtindo wake ule mng'aro.

Kwa hiyo weka nyenzo mezani kwanza, kisha zigeuze. Tazama kila kitu kikiwa wima, kimelala, kimepinduliwa.

- Kibuyu. Shingo yake ni pua au pembe tayari. Ukikipasua kwa urefu unapata nyuso mbili pacha, na hapo huenda mhusika mmoja akazaa ndugu.
- Kifuu. Ni kidogo mno kwa uso wa mtu mzima, lakini hufaa kwa kope, pua na mashavu. Vijitundu vyake vitatu vinamtazama mtu hata kabla hujavigusa.
- Kadibodi. Hukunjika vizuri kwa kufuata mistari yake ya ndani, kwa hiyo hufaa nyuso kali zenye kona. Usiilazimishe kuwa mviringo.
- Karatasi na uji wa unga wa ngano. Hufuata umbo lolote, hasa la duara. Hufaa watu wanene, watoto, miezi na vyura.
- Ukili na makuti. Msuko wenyewe huleta mistari. Waluba na Wasongye wa Kongo hufunika uso mzima wa kinyago kiitwacho kifwebe kwa mistari iliyochongwa; msuko wa ukili unaweza kukupa mwendo kama huo bila kisu.
- Makumbi ya nazi. Ndevu, nyusi, manyoya ya fisi.

Tahadhari moja isipuuzwe: dumu lililobeba dawa ya kuulia wadudu, petroli au kemikali yoyote lisikaribie uso wa mtu, hata likioshwa mara nyingi.

## Kukusanya sura mitaani

Weka daftari dogo kwa wiki moja. Kituo cha daladala, foleni ya benki, kivuko, soko la samaki jioni: kote huko nyuso hupita bure. Usimpige mtu picha bila ruhusa. Si adabu, na picha hubeba mengi mno. Chora mistari mitano tu. Mistari mitano haiwezi kubeba uso mzima, hivyo mkono hulazimika kuchagua kilicho cha pekee kwa mtu yule, nacho ndicho kitakachohitajika baadaye.

Usitazame watu tu. Mbele ya basi kuna uso. Gome la mbuyu lina mikunjo ambayo hakuna fundi angeibuni. Nakshi za milango ya Mji Mkongwe wa Unguja, pindo za kanga, na hina ya bibi harusi ni shule za namna ya kujaza nafasi bila kuivuruga. Jiulize: nakshi hii ikipita juu ya shavu, itapinda wapi?

## Kukopa bila kupora

Msomaji mwangalifu atauliza: kama mawazo yanatoka kwa Wamakonde na Wakuba, je, si wizi? Swali hilo ni la haki na lisijibiwe haraka.

Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa kutoka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikaonekana baadaye katika mkusanyiko wa Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na kikarejeshwa Tanzania mwaka 2010. Miaka 26. Vinyago vingi havikuchongwa viwe mapambo. Vya jando na unyago hufunza. Vya Gule Wamkulu, ngoma ya Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji, ni vya chama cha Nyau chenye miiko yake. Kukinakili kinyago cha namna hiyo kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa ni kuwavunjia heshima wenye nacho.

Kinachokopeka ni mbinu. Mdomo unaotumika kuonea, nta iliyoinuliwa juu ya mti, uso ulioingia ndani, mistari inayofuata umbo: hizi ni njia za kufikiri, na mbunifu anaweza kuzitumia kwa mhusika wake mwenyewe.

- Kopa jinsi kilivyojengwa; usikope uso wenyewe.
- Ukitaja asili, taja watu na mahali. "Kinyago cha Kiafrika" hakimheshimu yeyote.
- Ukiwa karibu na mzee au fundi wa jamii husika, muulize. Jibu la "hicho hapana" lipokewe.
- Usidhani kila kinyago cha dukani ni cha jadi. Uchongaji wa biashara wa Ukambani, unaohusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, ulishika kasi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na vinyago vingi vya uso vinavyouzwa Nairobi na Mombasa vilibuniwa kwa ajili ya wageni.

## Wasiwasi unaojirudia

"Sijui kuchora." Basi usichore. Rarua gazeti vipande vikubwa, vipange sakafuni hadi viwe uso, kisha visogeze. Au finyanga udongo wa kiganja kimoja kwa dakika tano, ubonyeze kwa kidole gumba. Wachongaji wengi wazuri huanza na umbo moja kwa moja.

"Imani yangu hainiruhusu kutengeneza sura ya kiumbe." Kinyago hakilazimiki kuwa na sura. Barakoa waliyovaa wanawake wa nyumba za kifalme Unguja katika karne ya 19, na inayovaliwa bado na baadhi ya wanawake wa Oman na nchi za Ghuba, haichori uso wa mtu yeyote. Ina ukanda juu ya nyusi, uti unaoshuka puani na nafasi mbili za macho, na nguvu yake ni kubwa. Mbunifu anaweza kufanya kazi kwa umbo hilo tupu, kwa majani, kwa nakshi au kwa kitambaa.

"Sina fedha." Boksi, unga wa ngano, mkaa, chokaa na udongo mwekundu vinatoa nyeupe, nyeusi na nyekundu. Rangi tatu zinatosha. Kwa kweli, mara nyingi ya nne ndiyo inayoharibu.

## Kutoka daftarini hadi usoni

1. Andika sentensi ya mhusika juu ya karatasi na uibandike mahali pa kazi.
2. Chora au rarua michoro mitatu midogo kwa haraka. Katika kila mmoja kuza sehemu tofauti: paji, taya, pua.
3. Ipindue juu chini. Unaobaki na nguvu ukiwa umepinduliwa una umbo zuri.
4. Pima mvaaji. Umbali kati ya mboni za macho ya watu wazima wengi ni kama sentimita 6, lakini mpime mwenyewe, hasa mtoto.
5. Kata mfano wa kadibodi usio na rangi. Mvalishe, mrudishe hatua 15, mwambie atembee, ageuke, ainame. Muulize rafiki asiyejua lolote: "Huyu ni nani?" Akijibu karibu na sentensi yako, endelea. La sivyo, rudi kwenye hatua ya pili. Umepoteza boksi tu.
6. Jenga umbo. Kwa karatasi, weka tabaka nne hadi sita za vipande vilivyoraruliwa, kila tabaka likauke kabla ya linalofuata. Chumvi kidogo kwenye uji wa unga husaidia kuzuia ukungu.
7. Weka sponji kwenye paji na mashavu ili hewa ipite na kinyago kisigonge pua.
8. Rangi ije mwisho kabisa, baada ya kukitazama kikiwa cheupe chini ya taa ya upande mmoja.

## Makosa yanayoua wazo zuri

- Kupaka rangi ili kuficha umbo dhaifu. Kutoka mbali umbo ndilo linaloonekana, na udhaifu wake utabaki pale pale.
- Kulinganisha pande mbili kupita kiasi. Uso wa mtu haulingani kamili. Nyusi moja ikipanda nusu sentimita, kinyago huanza kufikiri.
- Kuongeza kwa hofu. Ushanga, kauri, manyoya na vioo vyote kwa pamoja huzimana. Ondoa kimoja kimoja hadi utakapoona hasara, kisha rudisha cha mwisho.
- Kumwaga plasta usoni mwa mtu ili kupata umbo. Plasta hutoa joto inapokauka na inaweza kuunguza. Tumia bakuli, puto au udongo badala yake.
- Kumfunga mtoto kamba shingoni. Lastiki ipite nyuma ya kichwa, na iwe rahisi kukatika.
- Kuchoma plastiki ndani ya chumba ili ilainike. Moshi wake ni sumu.

## Wazo likikwama katikati

Hutokea hata kwa wenye uzoefu: umbo limekauka, na uso umekuwa bubu. Usikimbilie simu. Kitundike kinyago kwenye msumari karibu na mlango, mahali utakapopita ukiwa na shughuli nyingine, na ukiache siku mbili au tatu. Kitazame jioni taa ikiwa chini. Kivae mwenyewe mbele ya kioo na uiseme ile sentensi ya mhusika kwa sauti yake, mara kadhaa. Mara nyingi mwili huanza kuinama au kukakamaa kabla akili haijaamua, na mkao huo huonyesha kinachokosekana usoni. Kama bado hakijasema, ziba tundu la jicho moja kwa karatasi na ulikate upya, kubwa zaidi au ndogo zaidi, juu kidogo au chini kidogo. Kazi hiyo ni ya robo saa, na hakuna sehemu nyingine ya kinyago inayobadilisha mhusika kwa kiasi hicho kwa kazi ndogo namna hiyo.